Mama, Ambulansi Ilikuja kwa Bana Chola

Mama,

Bana Chola hajakufa.

Naanza na hiyo, juu najua hiyo njo ungeuliza kwanza, mbele ya kuuliza kama nakula, mbele ya kuuliza kama bwana yangu Kunda anashika kazi. Hajakufa. Jirani yako, mama ya Chola, iko pale ng'ambo ya ukuta ya matete, amekaa ku mukeka, anageuza samaki na mukono moja na kusema watu mubaya na mudomo nzima. Sauti imekuwa nzito kidogo, inatembea polepole, mais bado ni yake. Leo asubuhi ameniambia moto yangu inatoa moshi sawa mutu anachoma godoro.

Nakuandikia na wivu, Mama. Sijui namna ingine ya kuisema. Ku kanisa siwezi kuitaja, wamama watanizunguka na maombi. Kunda nilimuambia nusu, akajibu, "Shukuru Mungu, jirani amepona." Nilishukuru. Nilimupelekea hata mayai. Kisha nikarudi, nikakaa nyuma ya jiko, nikalia sawa mutoto mwenye ameona mwenzake anapewa mukate na yeye hapana. Wewe utanielewa. Wewe njo ulikuwa unachunguliaka mabeseni yake kila asubuhi, na kama imejaa chisense kuliko yako, ile dagaa yetu ya ziwa, ulikuwa unasema, "Ameweka majani chini."

Bon, habari za nyumba kwanza. Bupe wangu ameng'oka meno ya mbele, na anakutafuta bado. Anaulizaka kama kule uliko kuna muhogo ya kuchoma. Ile mimba uliyoiacha ilitoka musichana, nikamuita Feza, jina yako. Amechukua paji la uso yako na kelele yako. Silali, Mama. Nanyonyesha, naanika, napika, nanyonyesha. Kunda amepata wavu mupya, mutumbwi ni ule ule. Ile sufuria moja tuliyovuka nayo kutoka ng'ambo ya Kongo bado iko, shikio imekatika, naishika na kitambaa.

Na pahali yako ya kuanika, ile muchanga safi karibu na jiwe, Bana Chola anasogeza mukeka yake ndani. Kidogo kidogo, ili nisione. Alianza mbele ya wiki ya matanga kuisha. Ku matanga yenyewe alilia kuliko watu wote, akagaagaa, wakamushika wamama wanne, na miye mwenye ulinizaa nikawa nasimama tu na tumbo yangu, hakuna mutu ananishika. Ile nayo nilimuonea wivu. Kisha nikaenda ku ziwa nikakuta mukeka yake imekanyaga muchanga yako. Niliirudisha na muguu. Akaisogeza tena. Njo tunaishi vile.

Sasa nikuambie yote, polepole, juu hakuna mwingine mwenye atasikia mpaka mwisho.

Unajua ile siku ulianguka? Sijui kama unajua. Ulikuwa umeinama juu ya samaki, kofia ya majani ku kichwa, na mara ukakaa chini sawa mutu mwenye amechoka. Nikacheka. Nikasema, "Mama, leo jua imekushinda." Ukanitazama na mudomo imeenda upande. Watu wakaja. Mumoja akasema ni jua, mwingine akasema ni njaa, ulikuwa unafunga kwa maombi. Wakakoroga maji ya sukari. Ikaingia, ikatoka ku pembe ya mudomo, ukakohoa sana, wakaongeza ingine. Hakuna mutu alikuwa na roho mubaya, Mama. Walikuwa wanakupenda wote, hata ule mwenye alishika kikombe. Ile njo tuliyoijua: mutu akianguka, mupe sukari.

Telefone ilikuwa. Salio ilikuwa. Hakuna mutu alifikiri ambulansi. Huku kwetu ambulansi ilikuwa ya wamama wenye kuzaa, basi. Ukiona ile gari nyeupe inapita na vumbi unauliza, "Nani anazaa?" Wewe ulikuwa mwanamuke mwenye wajukuu, tungeiita tuseme nini?

Kunda alikupakia ku baisikeli yake ya samaki. Alitoa vikapu, akakukalisha ku karia ya nyuma, na miye nikakufunga ku mugongo yake na kitenge yangu ya maua ya njano, sawa tunafungaka mutoto. Nikatembea pembeni, nakushika. Mukono yako ya kushoto ilikuwa inaanguka, inaning'inia karibu na gurudumu. Nikaiweka ku mapaja. Ikaanguka. Nikaiweka. Njia yote ile. Mu mashimo kichwa yako ilikuwa inapiga mugongo ya Kunda, na yeye anasema, "Pole mama mukwe, pole mama mukwe," anapumua sawa mutu anazama. Ku kiliniki walifanya yenye waliweza. Haukuona Jumapili.

Kitenge sijavaa tena. Niliiweka.

Kisha ikaja siku ya kupima watoto. Nilikuwa mu foleni na Feza, mudogo kabisa, mbele ya ile mizani ya kuning'iniza. Ambulansi ilikuwa imesimama pale, na mudada mufupi akashuka, jina yake Sista Mutale, ule wa kupanda nyuma na wagonjwa. Akatuambia leo hatufundishi kupika uji ya watoto. Alisema Kibemba, kisha akarudia Swahili kwa siye watu wa ng'ambo. Akasema: "Meno, mikono, maneno. Mutu mwambie aonyeshe meno: upande moja inalala? Mwambie anyanyue mikono mbili, afunge macho: moja inashuka? Mwambie aseme kitu: maneno inapinda? Moja tu ikikataa, ni kiharusi, pigeni telefone. Musimupe maji, musimupe uji, musimupe dawa, hata sukari, itaingia ku mapafu." Akatunyanyuisha mikono sisi wote, na watoto ku titi. Tulikuwa tunacheka. Mama mumoja akauliza, "Sista, ile gari mwanaume naye anaweza kupanda?" Sista akajibu, "Hata bwana yako, kama utamuachilia." Wakacheka mpaka mizani ikatikisika.

Miye niliacha kucheka. Wewe ulikuwa nayo yote tatu. Meno. Mikono. Maneno.

Nilingoja watu wapungue, nikamuambia juu yako. Akasikiliza, hakuangalia saa hata mara moja. Akasema, "Hakuna mutu anaweza kukuambia kama angepona. Zingine ni kubwa sana, hata mutu angeanguka mbele ya mulango ya hospitali. Mulifanya yenye mulijua." Nilirudi nyumba na hasira. Nilikuwa nataka aniambie moja ao ingine.

Sasa hapa njo pahali ngumu, na nakuambia wewe peke yako.

Kila asubuhi Bana Chola anamugombezaka binti yake Chola. Unakumbuka? Wewe ulikuwa unasema, "Ule mwanamuke jogoo ikikufa yeye anatosha." Bado. "Chola, umelala mpaka mende inakusalimia! Chola, hii bukari ya muhogo umepika ao umezika?" Na Chola anajibu ndani ya blanketi, "Aa mayo, niachieni!" Anamwambia mama yake amuachie, Mama. Miye ningelipa nini mutu anigombeze vile. Hakuna mwenye ananiambia moto yangu ni mbaya, mutoto sikumufunga muzuri, nimekonda. Kunda anasemaka, "Umefanya vizuri." Muzuri, muzuri, kila siku muzuri. Inachosha.

Basi nikaanza kufagia karibu ya matete. Saa yeye anaanza, na miye nachukua ufagio. Pale pahali imebaki shimo sasa, vile nimefagia. Nasimama, Feza ku mugongo, nasikiliza tusi zote mpaka mwisho. Nilikuwa namuonea Chola wivu mpaka meno inauma.

Ile siku Chola alienda mapema Nchelenge kuuza samaki, jua haijatoka. Mama yake alikuwa peke yake, mais ule hahitaji mutu ili agombeze. Nikamusikia. Alianza na Chola mwenye hayuko, eti ameacha beseni wazi. Kisha akageukia mabata. Alitukana mabata, akatukana mwenye mabata, akaenda mpaka kwa babu ya mabata. Mitumbwi ilikuwa inavutwa ku muchanga. Katikati ya ile tusi kengele ya shule ikapiga, na yeye akapandisha sauti juu ya kengele. Nilicheka peke yangu na ufagio. Kisha Bupe aliniita, nikaenda kumuosha.

Chola aliporudi nikasikia analia. Si kulia ya kugombezwa.

Niliruka pale pa shimo, nikavunja matete. Bana Chola alikuwa chini karibu ya jiko, macho wazi, mudomo imeenda upande. Mudomo ile ile, Mama. Nikapiga magoti. "Onyesha meno." Upande moja ikalala. "Nyanyua mikono." Moja ikabaki chini sawa samaki. Akataka kusema jina yangu, ikatoka kitu sawa uji. Chola akatafuta telefone mu kifua, vidole inateleza, nikamunyang'anya nikaita ambulansi miye.

Na watu wakaja. Na kikombe ya sukari ikaja! Sijui nani anaikorogaka mbio vile. Ule mama muzee wa ku kona, mwenye anatutawala wote, alikuwa tayari ameinama nayo. Nikaweka mukono yangu mbele ya kinywa ya Bana Chola.

"Hakuna mutu anamupa kitu."

"We mutoto wa juzi, unamunyima mugonjwa maji?"

"Ndiyo. Namunyima. Mumwage ao munimwagie miye."

Alinimwagia, Mama. Ku magoti. Nikabaki na sukari mpaka jioni, nzi zinanifuata. Tulimulaza upande, kichwa juu kidogo ya mapaja ya Chola, tukangoja.

Ile gari nyeupe ikafika, na watoto wanakimbia nyuma, mumoja anauliza, "Nani anazaa?" Sista Mutale akashuka na mufuko. Mama, ungeona. Hakupiga kelele. Alipiga magoti mu maji ya sukari, akasema, "Mayo, niko Mutale, niko hapa." Meno, mikono. Akamuambia aseme, "Samaki ya leo ni mingi," na Bana Chola akavuruga yote. Akamumulikia macho. Akamubana kidole na ile kibanio ya kupima pumzi. Akamuchoma kidole kuangalia sukari ya damu, juu alisema sukari ikishuka sana nayo inaweza kupinda mutu vile vile. Akamufunga mukono ya muzima na ile kitambaa ya presha, akatikisa kichwa. Akauliza anakunywa dawa gani, Chola akakimbia kuleta vidonge vya presha, pakiti imejaa, hazijaguswa. Akauliza kama ameanguka na kichwa, kama ametetemeka. Yote hii mikono inafanya kazi, na sauti iko chini sawa anabembeleza mutoto.

Na miye nilikuwa pembeni nakufa na wivu. Hakuna mutu alikushika vile. Hakuna mutu alikuambia jina yake.

Kisha akauliza, "Nani alimuona muzima mara ya mwisho? Si nani alimukuta. Nani alimuona ao alimusikia akiwa muzima?"

Chola akasema ni jana. Jana jioni alilala na kichwa inauma, na yeye Chola aliondoka mu giza, hakumuamusha. Wengine wakaitika: ndiyo, tangu jana, tangu usiku. Sista akaangalia jua. Akasema, "Kama ni usiku, ni mbali sana. Iko vitu ambavyo daktari hatajaribu. Na hospitali ya kwenda haitakuwa ile ile."

Nilijua, Mama. Miye tu. Mais kusema ni kusema mbele ya watu wote, mbele ya Chola, kwamba kila asubuhi nasimama nyuma ya matete nasikiliza mama wa mwenzangu. Na nitakuambia ingine: nilifikiri juu yako ku baisikeli. Nilifikiri, miye nimupe Chola na hii tena? Ilikuwa pumzi moja. Haikuwa ndefu, mais niliisikia yote.

"Asubuhi ya leo," nikasema. "Nilimusikia. Alikuwa anatukana mabata."

Wote wakanigeukia. Sista akauliza, "Maneno ilikuwa wazi?"

"Wazi kabisa, sista. Alifika mpaka kwa babu ya mabata."

Mutu akacheka, akajifunika mudomo. Sista hakucheka. "Saa ngapi?"

"Sina saa. Mais kengele ya shule ilipiga katikati ya tusi, ile ya kuingia. Akaendelea nyuma ya kengele. Nilikuwa pale ku matete." Na juu walikuwa wananiangalia, nikaongeza, "Nakuwaka pale kila siku."

Sista aliandika ile saa ku plasta, akaibandika ku mukono ya Bana Chola. Akachukua telefone, akaita hospitali kubwa direkta, si kiliniki: mama mwenye umri hivi, upande ya kuume, sukari muzuri, presha juu, na mara ya mwisho muzima ni kengele ya shule, jirani amemusikia. Jirani. Njo miye ile. Akasema wangoje ku mulango.

Walimupandisha ku machela ya magurudumu, kichwa juu kidogo, mikanda ku kifua na ku miguu. Ule mukono mwenye kufa Sista aliuweka juu ya muto mudogo, muto yake peke yake, haikuanguka hata kidogo. Wakamufunika blanketi. Chola akapanda. Na dereva akaondoka, na unajua alikwenda namna gani? Mbio ku pahali sawa, na ku mashimo polepole, polepole, anazunguka kila shimo sawa anabeba mayai. Nilisimama mu njia na magoti ya sukari, nikaangalia kila shimo yenye anazunguka. Nilikuwa nazijua zote. Moja moja nilikuonea uchungu.

Alirudi, Mama. Chola alimufundisha kushika kikombe tena. Mukono ya kuume ni bado inalala, muguu anaiburuta. Maneno ilianza kurudi, tusi mbele, sala nyuma. Anakunywa vidonge sasa; Chola anamusimamia mpaka ameze, na sasa Chola njo anagombeza: "Mayo, mumemeza ao mumeficha ku shavu?" Yeye anajibu, "Niachie." Hata ile nilisikia.

Siku ya kwanza alitoka nje, aliniita pale pa matete yaliyovunjika. Nilijua Chola amemuambia.

"We... Mama Bupe. Ulikuwa... unanisikilizaka."

"Ndiyo, mama."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Akaangalia Feza ku mugongo yangu. Nilingoja kushukuriwa, na nilikuwa nimetayarisha uso ya kukataa. Akasema, "Basi funga mutoto muzuri. Muguu inatoka."

Ile ni maneno yako, Mama. Ni wewe ulikuwa unaniambiaka vile juu ya Bupe, na ile sauti ya kuchoka. Muguu inatoka. Nilifunga Feza upya, nikageuka, nikatembea mpaka ku ziwa mbele ya uso yangu kuharibika. Alichukua muchanga yako. Alichukua ile gari, ile muto, ile dereva wa mayai. Na sasa na maneno yako pia? Nilikaa ku jiwe nikamuchukia kabisa. Na kesho yake asubuhi nilichukua ufagio.

Sitamuita mama yangu. Ile ujue. Mu kanisa wananiambia, "Mungu amekupa mama mwingine," nasema hapana, ni jirani. Nilikuwa na mumoja.

Mais nikuambie kitu cha jana, kisha nikuachie upumzike, Feza ameanza kujinyoosha.

Jana nilikuwa nageuza samaki pahali yako. Bana Chola alikuwa amekaa ku yake, anaangalia ziwa, sawa hana neno na mutu. Nikasikia muchanga inakwaruza. Nikaangalia na pembe ya jicho. Alikuwa anasukuma mukeka yake ndani ya pahali yako. Si na mukono. Na muguu, Mama. Muguu ya kuume, ile anaburuta, ile daktari alisema tungoje tuone. Kisigino kilikuwa kinasukuma, kinapumzika, kinasukuma. Jasho ku paji la uso. Mukeka ikaingia upana wa kiganja.

Nilimuachilia amalize. Kisha nikanyoosha muguu yangu, nikairudisha mukeka yake mpaka kule ilitoka.

"Mwanamuke wewe," akasema. "Roho mubaya sawa mama yako."

Nikamujibu, "Sawa yeye kabisa."

Na leo ameanza tena.

Basi lala, Mama Feza. Kitenge ya maua ya njano nimeitoa, nimeifua. Leo njo nimemufunga nayo mwenye jina yako, na muguu haitoki. Na hii njo nakuahidi: pahali yako simuachilii. Kila siku atasukuma na ile muguu, kila siku nitamurudishia, mpaka atembee nayo mwenyewe kuja kunipiga. Na kila asubuhi nitakuwa ku matete na ufagio na wivu yangu yote. Siku moja nikikuta kimya, naruka.

Miye mutoto wako,
Mama Bupe